Umeibiwa gesti: unataja jina, au unasema "gesti moja pale stendi"?

Mzungusha Dawa (mleta uzi)

Wakuu, salama?

Kuna mtindo unanikera humu na kwenye magrupu ya wasafiri. Mtu kaibiwa kompyuta gesti, anakuja na uzi mrefu wa kilio, watu wanampa pole, halafu ukimuuliza ni wapi anajibu: "Ni gesti moja Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu. Sitaki kuwaharibia watu biashara."

Karibu na Msamvu! Aliyewahi kushushwa pale usiku anajua nyumba za wageni zilivyobanana maeneo yale. Hapo hujamsitiri mtu. Umezitia doa zote ili kumlinda mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye kosa. Kesho abiria mwenzako ataogopa gesti ya mama wa watu aliyeweka nondo, taa za nje na mlinzi anayekesha kweli, halafu ataingia ileile uliyoibiwa wewe kwa sababu ina rangi mpya.

Msimamo wangu nauweka mapema: jina litajwe. Jina la nyumba, tarehe, kilichopotea, na uongozi ulifanya nini baada ya kuambiwa. Majina ya watu usiyaguse. Dada wa usafi, kijana wa mapokezi, mlinzi, hao usiwataje hata kwa dokezo la "yule mwenye kovu", maana hujui nani kachukua, na hao ndio wanaotangulia mahabusu siku zote.

Nauza dawa za mifugo mikoani, kwa hiyo gesti nazijua kuliko kwangu. Unafika, unasukumiwa daftari la wageni: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi yako, simu, namba ya chumba, saini. Anayekuja nyuma yako anajaza mstari wa chini, na wakati anajaza anakusoma wewe wote. "Mfanyabiashara, ametoka Kahama, anakwenda Dar, chumba 7." Nyuma ya mhudumu kuna ubao wa misumari. Ufunguo wa 7 ukining'inia pale, kila aliyesimama kaunta anajua mwenye 7 katoka kwenda kula. Ukiingia chumbani sasa, nyuma ya mlango kumebandikwa karatasi: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI YOYOTE. VITU VYA THAMANI VIKABIDHIWE MAPOKEZI. Na ukivikabidhi mapokezi vinatumbukizwa kwenye droo isiyo na kitasa, pamoja na sabuni za vipande.

Wizi unaweza kutokea popote, hata hoteli ya nyota tano. Nyumba kuibiwa si aibu. Ninachopima mimi ni saa moja baada ya mgeni kusema "nimeibiwa". Kuna meneja anayekuja mwenyewe, anafungua kamera, anasimamisha usafi wa chumba kisivurugwe, anakusindikiza kituoni. Na kuna yule anayekwambia "hapa hatujawahi kuibiwa, kumbuka vizuri ulipopitia." Huyo wa pili akifichwa, tunamlisha wenyewe.

Nawasilisha.

Kaunta Namba Nne

Mkuu, umeongea kama mgeni. Mimi nimekaa mapokezi, ngoja nikuongezee usichokijua.

Moja ya kesi tunazozipata sana ni hii: baba mtu mzima anaingia na mwenzake saa nne usiku, mwenzake anatoka alfajiri, baba anaamka hana simu wala pochi. Nyumbani atasema nini? Atasema ameibiwa gesti. Na atapiga kelele kweli, kwa sababu akinyamaza mkewe atauliza kwa nini hakulalamika. Ukimuuliza kwa upole kama alikuwa na mgeni, anakuambia unamdhalilisha.

Kuna wengine wamekaa siku kadhaa, hawana ya kulipia, asubuhi "wameibiwa" pesa yote. Na siku hizi kuna wanaotaka usiku wa bure: "Nipunguzieni au nawaandika Google."

Sasa wewe unataka kila mmoja wa hao apande mtandaoni na jina la nyumba. Jina likipanda, bosi hapotezi usingizi. Tulishatajwa kwenye grupu moja la madereva. Unajua kilichotokea? Aliyekuwa zamu ya usafi aliondolewa siku ileile bila hata kuulizwa. Mimi na mlinzi tulikatwa mshahara. Baada ya muda bosi akaleta fundi, bango likapakwa rangi, nyumba ikapata jina jingine. Vitasa vikabaki vilevile.

Mzungusha Dawa

Kaunta, nakubali hilo la baba na mwenzake, lipo. Lakini tazama ulichokisimulia mwishoni: vitasa vilevile. Bosi wako alijua ufunguo mmoja unafungua vyumba viwili vitatu, au kuna nakala zimezagaa tangu wageni wa zamani, akaona ni nafuu kununua rangi. Sasa mimi nimnyamazie huyo kwa kuwa dada wa usafi atafukuzwa? Dada anafukuzwa hata nikinyamaza. Tofauti ni kwamba nikinyamaza anafukuzwa kimyakimya.

Kuhusu kubadili jina: ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Andika inatazamana na nini, ina ghorofa ngapi, geti liko upande gani. Bango linapakwa rangi, jengo halihami.

Mtwangio

Mnajifanya mashujaa, ngoja mpelekwe mahakamani. Kuna Mmarekani mmoja mwaka 2020 alikuwa akifanya kazi Thailand. Akalala hoteli kisiwa cha Koh Chang, wakagombana kwa sababu alikuja na chupa yake ya jini na wakamtaka alipie kuinywa pale. Akaenda kuandika kwenye Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kwamba hoteli mbaya na wafanyakazi wana roho mbaya. Hoteli ikamshitaki kwa kashfa, akakamatwa, akalala ndani mwisho wa wiki mzima. Ilibidi aombe radhi hadharani ndipo yakaisha. Hiyo ni chupa ya jini tu. Sasa wewe unamwita mtu mwizi.

Mzungusha Dawa

Mtwangio, hadithi hiyo umeikata. Novemba mwaka huohuo Tripadvisor wenyewe waliweka ilani kwenye ukurasa wa hoteli hiyo, wakiwaeleza wasafiri kwamba ni hoteli iliyomfikisha mgeni jela kwa maoni aliyoandika. Hoteli ilitaka watu wasione malalamiko machache ya mtu mmoja, ikaishia kusomwa dunia nzima.

Na kama ni mifano ya nje, chukua huu: mwaka 2017 gazeti la Milwaukee Journal Sentinel la Marekani lilifichua kwamba Tripadvisor walikuwa wakifuta maonyo ya wageni waliobakwa au kujeruhiwa kwenye hoteli za Mexico. Mmoja aliandika tangu 2010, akafutiwa, na miaka hiyo yote wageni wakaendelea kupanga vyumba bila kujua lolote. Kampuni iliomba radhi na kuanza kuweka alama ya tahadhari kwenye kurasa za hoteli. Kunyamaza nako kuna waathirika, ila hawahesabiwi kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nasema kutoka Unguja, maana hili lilitufika.

Aprili 2022 msichana wa Kinigeria aliandika Twitter yaliyomkuta Nungwi mwaka mmoja nyuma. Alisema aliingiliwa chumbani usiku akashikwashikwa, na fedha zake zikaibwa, na kote alikolalamika hakusikilizwa. Hoteli aliitaja kwa jina. Ule uzi ulienea kama moto wa nyika. Serikali ya Zanzibar ikabidi itoe tamko na uchunguzi ufunguliwe. Hoteli nao wakakanusha. Sina haja ya kurudia jina hapa, lishajulikana.

Ninachotaka mkione ni hiki. Mwaka mzima kabla ya hapo, bila jina hadharani, hapakuwa na tamko wala uchunguzi uliosikika. Jina lilipotoka, mambo yakaenda kwa siku chache. Hapo nakubaliana na mleta uzi.

Lakini hapohapo nawaambia: walimwengu hawakuishia kwenye jina. Wakaanza "msiende Zanzibar", kisiwa kizima. Mie nina vyumba vichache Jambiani, huko kusini mashariki, na Nungwi iko ncha ya kaskazini. Wageni wakawa wananiandikia kuuliza kama kwangu ni salama kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Niliwajibu mmoja mmoja, nikawapigia picha komeo la ndani na kitasa. Sikumkasirikia yule msichana hata kidogo. Niliwakasirikia waliomjibu kwa kumtukana kwamba mwongo, anataka umaarufu, alifuata nini peke yake. Matusi yale ndiyo yaliyotuchafua zaidi kuliko uzi wenyewe. Mgeni akiyasoma anajiuliza: nikipatwa mimi, ndivyo nitakavyopokelewa?

Wakili wa Mtaa

Nimesoma kimya, naona sheria inatajwa kwa vitisho. Niweke mambo mawili sawa.

La kwanza ni hofu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 ndicho watu wanachotishiwa nacho, na adhabu yake kweli si ndogo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ila msome kifungu chenyewe. Kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha, na mwenye nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuhadaa umma. Ukiandika "tarehe fulani nililala nyumba fulani, niliporudi chumbani kompyuta haikuwepo, niliripoti mapokezi, nikajibiwa hivi, nikafungua RB (taarifa ya polisi) kituo fulani", na kila neno unaweza kulisimamia, upo mahali tofauti kabisa na anayeandika "ile gesti ni genge la wezi". Sentensi ya kwanza ni yaliyokukuta. Ya pili ni hukumu, na hukumu itakudai ushahidi. Kesi ya madai ya kashfa bado inaweza kufunguliwa dhidi ya yeyote, sitawadanganya, lakini ukweli unaoweza kuuthibitisha ndio kinga yako kubwa.

La pili, hiyo karatasi ya nyuma ya mlango. Wanafunzi wa sheria ya mikataba wanaijua kesi ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court. Wageni walifika hotelini, wakalipia kaunta, wakapanda chumbani. Chumbani kulikuwa na tangazo kwamba wenye hoteli hawatawajibika kwa vitu vinavyopotea au kuibwa visipokabidhiwa kwa msimamizi kutunzwa. Siku moja mama akatoka, akaacha ufunguo kwenye ubao wa mapokezi. Mtu akauchukua, akafungua chumba, akaondoka na makoti yake ya manyoya. Hoteli ikaonyesha tangazo. Mahakama ya Rufani ikasema: mkataba ulishafungwa kaunta kabla mgeni hajaliona tangazo, kwa hiyo haliwezi kumfunga. Hoteli ikabeba hasara.

Ubao wa misumari na karatasi ya chumbani, vyote viwili vimo kwenye kesi hiyo. Maamuzi ya Uingereza ya mwaka huo hayazifungi mahakama zetu, lakini mawakili huyatumia kushawishi. Angalizo: tangazo likibandikwa kaunta, mahali unapolisoma kabla hujalipa, hoja inabadilika. Wenye gesti wajanja wameshahamisha karatasi.

Kaunta Namba Nne

Wakili, hiyo ya kaunta umewapa mabosi darasa la bure.

Mwana wa Likoni

Ndugu zangu, nami niko hapa Mombasa. Kwetu ukienda kituoni unaandikisha OB, yaani kwenye kitabu cha matukio cha polisi, unapewa abstract, karatasi ya kuthibitisha umeripoti. Kashfa kama kosa la jinai Mahakama Kuu iliiondoa Februari 2017, kile kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Imebaki kesi ya madai. Lakini usidhani watu wanataja zaidi sababu ya hilo. Bado utasikia "lodging fulani River Road", kule Nairobi. River Road yote! Woga si wa sheria. Ni kwamba mtu hataki kuonekana mjinga aliyeacha simu kwenye kitanda.

Mama Vitenge

Wanangu, mnabishana mambo ya mtandao, sisi wafanyabiashara tumeshamaliza zamani. Natoka Tunduma nafuata mzigo Kariakoo. Tuna grupu letu la WhatsApp, kina mama watupu. Mtu akipatwa na jambo anataja jina, chumba, na hata dirisha liko upande gani. Hatuna haja ya kulitangazia taifa. Siku ya pili hakuna mama anayelala pale.

Na mimi yalinikuta. Choo na bafu vilikuwa nje, mlango wa chumba unafungwa kwa kufuli la nyumba. Pesa ya mzigo hailali begini, naifunga kiunoni chini ya khanga, lakini kuoga huwezi kuoga nayo. Nikaiweka ndani ya foronya, nikafunga kufuli, nikaenda bafuni. Niliporudi kufuli limefungwa vizuri kabisa, kama nilivyoliacha. Foronya nyepesi. Kufuli la nyumba funguo zake wanazo wao, sasa nimlaumu nani, popo? Toka hapo natembea na kufuli langu mwenyewe. Mhudumu akinuna anune.

Mzungusha Dawa

Shikamoo mama, na pole. Hilo la kufuli nalibeba.

Lakini grupu lenu linanipa shida moja. Nyinyi mpo salama, na yule binti wa mara ya kwanza kutoka Sumbawanga, asiye na namba ya hata mmoja wenu, anashuka stendi ya Mbezi na mkoba wake, anaulizia gesti ya bei nafuu Kariakoo, anapelekwa pale pale mlipopahama. Kitanda chenu kimempata yeye. Mwenye nyumba hana hasara, amebadilisha wateja tu.

Mama Vitenge

Marahaba. Hilo la binti ni kweli. Lakini nikiandika hadharani kwa jina langu, naye mwenye nyumba yupo hapohapo sokoni, ana ndugu, ana mgambo. Mimi kila mwezi napita mlangoni kwake na mzigo kichwani. Wewe wa dawa za mifugo unapita na pikipiki unaondoka.

Mtwangio

Hapo mama kamaliza. Halafu nina swali kwa mleta uzi. Umeandika marefu haya yote, taja taja taja, na hujataja hata gesti moja. Anza wewe tukufuate.

Mzungusha Dawa

Nilikuwa nalisubiri. Sijataja kwa sababu mimi sijaibiwa. Ninazo hadithi za kusikia nyingi, za madereva, za mawakala wenzangu, na hizo ndizo hasa ambazo hazitakiwi kutajwa. Anayetaja ni aliyelala pale usiku ule na ana RB mkononi. Mimi nikiandika "nasikia gesti fulani Singida wanaiba", nimekuwa yuleyule Kaunta anayemlalamikia. Mshindani wa mtaa wa pili anaweza kunitumia bila mimi kujua.

Na Kaunta nakupa hili: mgeni awape kwanza nafasi. Aripoti, asubiri siku mbili tatu aone wanafanya nini, ndipo aandike. Wakikusaidia, andika kwamba wamekusaidia. Kuna nyumba nitalala hata kama najua iliwahi kuibiwa, kwa sababu nimesoma kwamba meneja alibadilisha vitasa vyote na akamlipa mgeni simu.

Mama Vitenge, la kwako sina jibu zuri. Labda ukituma kwa wenzako, mmoja asiyepita mlango ule aandike kwa niaba yako, na atamke wazi kwamba aliyepatwa ni mwingine.

Wakili wa Mtaa

Hapo napinga. Akiandika kwa niaba, ushahidi wake ni wa kusimuliwa, na atakayeburuzwa ni yeye. Bora mama aende kwa afisa biashara wa halmashauri. Leseni ya gesti inatoka kule na ushuru wa nyumba za wageni unalipwa kule. Malalamiko ya maandishi matatu manne juu ya nyumba moja yana uzito kwenye faili la leseni, na hayaonekani sokoni.

Mama Vitenge

Afisa biashara naye analala wapi akija Kariakoo? Mwanangu, twende taratibu.

Bint Mkunazini

Hahaha mama, umenichekesha.

Kaunta Namba Nne

Swali la mwisho kutoka kaunta. Tuseme mgeni kaandika, kataja, kila kitu sawa na alivyosema wakili. Baada ya wiki simu imepatikana, alichukua mgeni wa chumba cha jirani, kakamatwa, mali imerudi. Uzi mnaufuta?

Wakili wa Mtaa

Kisheria busara ni kuufuta au kuusahihisha haraka.

Mzungusha Dawa

Mimi siufuti. Naandika chini yake, na kichwa cha uzi nabadilisha: "Simu imepatikana, mwizi alikuwa mgeni." Ukiufuta, waliousoma jana watabaki na ya jana.

Kaunta Namba Nne

Na yule dada aliyefukuzwa siku ya kwanza?

Mzungusha Dawa

Naye aandikwe humohumo, kwamba alifukuzwa na hakuwa yeye. Bila jina lake. Jina la nyumba lipo, linatosha.